Sindano ya duka la dawa vs “hedi iko sawa”

Wasee, Probox ya mzee wangu, ile anapiga nayo Embu–Meru, ilichemka ikipanda kutoka daraja la Nithi. Silinda hedi ikapelekwa kupigwa skimu. Kurudi, kila mlima injini inagonga. Mekanika akasema, “Hedi iko sawa, hiyo ni petroli mbaya.” Mzee akaamini. Mimi niliacha chuo, nani angenisikiza?

Nikaomba hedi ifunguliwe tena. Nikaigeuza chemba ziangalie juu, nikaisawazisha kwa pima maji, valvu zimefungwa, plagi ziko ndani. Kila chemba, nikapaka grisi ukingoni, nikabandika plastiki ngumu yenye tundu, nikajaza mafuta taa kwa sindano hadi kiputo cha mwisho kikatoka. Unahesabu mililita tu.

Chemba ya kwanza: 33. Ya nne: 31. Hedi ilikatwa upande.

Ati 2 ni kidogo? Injini ya 1NZ ni cc 1497, silinda 4, kila moja kama 374. Uwiano wa kiwandani ni 10.5 kwa 1, kwa hivyo pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya cc 39 hivi. Toa 2, uwiano unafika 11. Petroli ni ile ile, lakini sasa inabanwa zaidi, na pistoni ndiyo inalipa.

Mzee akapima mwenyewe. 31 tena. Akanyamaza, akaanza kupiga simu akitafuta hedi nyingine.

Ilipofika, kabla ifungwe, akaniita: “Leta hiyo sindano yako.”