Tingatinga: Kutoka Nambari Hadi Jina

Neno tingatinga, kwa msemaji wa Kiswahili wa leo, lina maana mbili. Ya kwanza ni lile gari zito la kulimia na kusawazishia ardhi. Ya pili ni picha za rangi kali, za tembo, chui na ndege, zinazouzwa Dar es Salaam na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Wengi wanaozinunua picha hizo hawajui kwamba neno hilo, kabla ya kuwa jina la fani, lilikuwa jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1932, na kabla ya kushika brashi alipitia Tanga, kwenye mkonge.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na mlango wa mto Pangani. Kutokana na miche hiyo lilizaliwa zao lililotanda Tanga, Muheza na Korogwe, likadai mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wenyeji walikuwa na minazi na mashamba yao, na wengi wao hawakuitamani kazi ile. Basi watu wakatafutwa mbali: kusini, magharibi, hata ng'ambo ya Ruvuma. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa nambari. Ujira wao ulikwenda kwa kipande, yaani kadi ya siku thelathini za kazi. Siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina lake, la baba yake na la babu yake. Akifika shambani akawa tarakimu katika daftari la karani.

Huo ndio ulimwengu alioingia Tingatinga katikati ya miaka ya 1950. Mji wa Tanga wakati huo ulikuwa na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, karani wa serikali na mshairi ambaye sifa zake zilikwisha kuenea. Mmoja alikuwa mwenyeji mwenye kalamu. Mwingine kijana mgeni wa mashambani. Lakini wana jambo moja la kuwaunganisha: fani zao hawakuzisomea chuoni.

Mwaka 1959 Tingatinga alihamia Dar es Salaam. Akafanya kazi za nyumbani na za bustani, na vibarua vya kila namna. Mnamo 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kujengea, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa wageni waliokuja kununua vyakula. Fani yake ilikuwa nyepesi kwa kuitazama tu: uwanja wa rangi moja, mnyama mmoja katikati, madoa yaliyopangwa moja moja kwa subira. Hakuna kivuli, hakuna umbali. Chui anatazama nje ya picha kana kwamba ndiye anayemkagua mnunuzi.

Picha zilipopata soko, hakuifanya kazi hiyo siri yake. Aliwaita jamaa na vijana wa karibu: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata. Walikaa kando yake, wakamtazama, wakajaza rangi, kisha wakachora wenyewe. Skuli yao ilikuwa baraza.

Wako waliowacheka wanafunzi hao kwamba wanaiga. Mpenzi wa mashairi hatakiwi kuharakisha kusema hivyo. Mshairi wa pwani naye huanza kwa kuiga: hupokea mizani asiyoibuni, vina asivyovitunga, na kituo kilichokuwapo kabla hajazaliwa. Hakuna amwambiaye mwizi kwa sababu mishororo yake ina mizani kumi na sita. Bahari ni ya wote. Mvuvi hujulikana kwa samaki wake. Madoa na uwanja wa rangi moja ni bahari ya namna hiyo, na Mpata, aliyeipeleka kazi yake Nairobi, aliivua humo kwa mkono wake mwenyewe.

Aibu iko kwingine. Mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze kuchora, Tingatinga aliuawa kwa risasi za polisi mjini Dar es Salaam, waliodhani kuwa gari alimokuwamo ni la wahalifu wanaokimbia. Hata kifo chake kilikuwa cha mtu kudhaniwa kuwa mwingine. Baada ya hapo picha zikaendelea kutokea zikiwa na saini yake, na mikono iliyozichora si yake. Wanafunzi wake walishikamana, na mwaka 1990 wakasajili ushirika unaobeba jina la mwalimu wao. Ushirika ule ulilibeba jina kwa heshima. Walioghushi saini walilibeba kwa biashara.

Watunzi wa tenzi walilijua jambo hili zamani. Mwishoni mwa kazi, baada ya kumshukuru Mungu na kuomba radhi kwa wasomaji, mtunzi hujitaja: jina lake, la baba yake, pengine na mji wake na mwaka. Hafanyi hivyo kwa kiburi. Hufanya hivyo ili mwenye kusifu ajue amsifu nani, na mwenye kulaumu asimlaumu asiyehusika. Tingatinga, aliyepita katika mashamba ambamo watu waliitwa kwa nambari, aliandika jina lake kwenye ubao. Anayelighushi leo anamrudisha daftarini.