Kutoka Ethi Mbili Hadi Moja

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio binafsi Tanzania, mafundi wengi vijana tulipata ajira studio. Mimi nilipata Mwanza, katika kituo kidogo kilichojengwa juu ya mawe. Raki ya studio, yaani kabati la chuma la vifaa, ilikuwa na ethi yake, yaani waya wa kushusha umeme ardhini. Raki ya mtambo wa kurushia matangazo, ng'ambo ya uwanja chini ya mnara, nayo ilikuwa na yake. Waya wa sauti ndio uliounganisha vyumba hivyo viwili.

Adui yetu mkubwa wakati huo alikuwa mvumo. Mtangazaji akinyamaza, spika zinanguruma kwa hezi 50 zilezile za umeme wa ukutani. Dawa aliyoijua kila fundi ilikuwa kukata pini ya ethi kwenye plagi, na mvumo ulikatika kweli. Ndiyo maana dawa hiyo ilidumu. Lakini raki iliyokatwa ethi ni hatari tupu. Waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bodi ya chuma, fyuzi haikatiki, na volti 230 zinabaki juu ya chuma zikimngoja mtu. Mtangazaji wetu wa asubuhi alilalamika kwamba maikrofoni inamchoma midomo, hasa masika, sakafu ya saruji ikiwa na unyevu. Akawa anaifunika kwa leso.

Chanzo cha mvumo hakikuwa kwenye plagi. Ethi mbili zilizo mbali hazilingani kamwe. Kati yake huwa kuna volti kidogo. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, umeme unapata njia ya kuzunguka: unapita kwenye wavu wa nje wa waya huo, unaingia kwenye miksa na kurudi kupitia ardhini. Sauti inayotoka kwenye kompyuta ya kawaida ina takriban volti 0.3 tu, kwa hiyo hata sehemu ndogo sana ya volti iliyopenya humo inasikika.

Baadaye ikaja hoja ya "ethi safi": studio ichimbiwe shaba yake peke yake, isiguse kitu kingine. Huko Mwanza, hiyo ilikuwa kazi ya jasho, kwani nondo ya shaba inagonga jabali na kupinda kabla haijazama. Ubaya wake ulionekana kwenye radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa radi sana duniani, hasa usiku. Radi ya ampea 20,000 ikishuka kwenye ethi ya mnara yenye omu 10, ethi hiyo inapanda hadi volti 200,000, wakati ile "safi" ya studio imebaki chini. Tofauti yote hiyo inapita kwenye waya wa sauti. Asubuhi tulikuwa tukifungua miksa na kukuta njia za shaba zimebanduka kwenye bodi ya saketi, na harufu ya kuungua imejaa chumba.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1995 mhandisi wa sauti Neil Muncy alieleza kwa maandishi kwamba wavu wa waya wa sauti ufungwe kwenye bodi ya chuma ya kifaa pale pale unapoingilia, usipelekwe ndani kwenye saketi. Mwaka 2005 jumuiya ya wahandisi wa sauti, AES, ikaliweka jambo hilo katika kiwango chake cha AES48. Sisi tulifukia mkanda wa shaba kuunganisha ethi ya mnara, ya studio na ya umeme zikawa moja. Kila raki ikapewa waya wake hadi kwenye bamba moja la shaba ukutani, na rangi ikakwanguliwa kila palipofungwa bolti, maana rangi haipitishi umeme. Mvumo uliosalia tuliumaliza kwa transfoma ndogo kwenye njia ya sauti. Plagi zote zikarudishiwa pini zake.

Leo sauti inapita kwenye nyaya za mtandao, zenye transfoma kila ncha, au kwenye nyuzi za kioo zisizopitisha umeme kabisa. Vijana wananiambia habari ya ethi imekwisha. Haijaisha: raki bado ni chuma, na umeme unaoingia humo ni ule ule wa volti 230. Mwenye studio, kabla hujanunua miksa mpya, lipia kwanza shaba, na fundi apime ethi kila kiangazi, ardhi ikiwa imekauka.