Kingamwili za Kuazima

Jumatatu, 24 Agosti 2020
Jana Marekani imeidhinisha kwa dharura plazma ya waliopona korona itumike kwa wagonjwa waliolazwa. Maabara leo hakuna mazungumzo mengine. Mjomba naye kapiga simu kutoka Lamu: "Na nyinyi mnayo?" Nimemwambia asubiri, majaribio hayajaisha. Wazo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1890 Behring na Kitasato walionyesha kuwa seramu ya mnyama aliyekingwa humkinga mwenzake, na katika homa ya 1918 madaktari waliwapa wagonjwa damu ya waliopona.

Alhamisi, 7 Januari 2021
Habari njema kutoka Argentina. Wazee 160, nusu wamepewa plazma yenye kingamwili nyingi, nusu maji ya chumvi, wote ndani ya saa 72 tangu dalili zianze. Waliozidiwa kwa kukosa pumzi ni 16% upande wa plazma, 31% upande wa pili.

Jumamosi, 16 Januari 2021
Uingereza imesimamisha jaribio lake la plazma. Katika wagonjwa 10,406 waliokwisha kulazwa, vifo ni 18% huku na 18% kule. Ukilinganisha na Argentina, tofauti kubwa ni saa. Kingamwili huzuia kirusi kuingia kwenye seli. Pafu likishavimba, kazi hiyo imepitwa.

Jumamosi, 28 Agosti 2021
Ndugu zetu wa Mulago, Kampala, nao wamejaribu kwa wagonjwa 136 waliolazwa. Hakuna nafuu iliyoonekana. Wenzangu wanalaumu mfuko wa plazma: aliyepona huyu ana kingamwili tele, yule hana kitu, na kundi la damu lazima lioane. Wanasema dawa ni kuchanganya plazma ya watu wengi, kuchuja kingamwili na kuzikoleza. Nguvu inakuwa sawa kila chupa, na suala la kundi la damu halisumbui tena.

Ijumaa, 28 Januari 2022
Mchanganyiko huo nao umepimwa, katika nchi kadhaa, kwa wagonjwa waliolazwa wakiwa na dalili hadi siku 12. Haukuwasaidia. Kuchanganya kumesawazisha nguvu ya chupa, hakukurudisha siku zilizopotea. Mjomba akiuliza tena nitamjibu hivi: plazma ni ya mgonjwa wa siku za mwanzo, mzee au mwenye kinga dhaifu. Aliyekwisha kuzidiwa apewe oksijeni na deksamethasoni.