Waya wa Njano

Kwenye bango langu pameandikwa fundi redio wa magari, lakini redio siku hizi ndiyo kitu cha mwisho watu wanachoniletea. Wananiletea simu. Mtu anaegesha, anashusha kioo nusu ili ubaridi usitoke, ananyoosha mkono nje: "Fundi, hii haishiki." Ukiipima simu peke yake, nzima. Redio peke yake, nzima. Ugomvi uko katikati yao, na mimi nimekuwa kama mjumbe wa nyumba kumi, wa kusikiliza pande mbili.

Kazi nilijifunzia Gerezani, Kariakoo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa kijana wa kushika tochi na kuokota skrubu. Zama hizo shida kubwa ilikuwa FM. Magari yalikuwa yanashushwa bandarini kutoka Japani, na wenzetu kule walikuwa wanatangazia kati ya megahezi 76 na 90, wakati stesheni zetu zimetandazwa kuanzia 88 mpaka 108. Mtu anahangaika na benki, anapata gari lake safi, halafu linakamata stesheni mbili tatu za chini basi. Tulikuwa tunamfungia kiboksi kidogo kwenye waya wa antena, kinachoyashusha masafa ya juu mpaka redio iyatambue. Kikishusha kwa 14, stesheni inayojitangaza iko 100 wewe unaikuta kwenye 86. Mzee aliyenifundisha alikuwa anamwandikia mteja namba mpya kwenye karatasi ya boksi la sigara, mteja anaibandika kwenye dashibodi.

Wengine walikuwa wanaomba tumnyamazishe yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari. Anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara zenyewe ziko Japani, kadi hatuna, naye hachoki. Kumnyamazisha ni kazi ndogo, unachomoa soketi moja. Lakini mama mmoja mtu mzima alinikataza katakata nisimguse, akasema huyo ndiye mtu pekee anayemsalimia asubuhi bila kumwomba hela.

Bluetooth ilitukuta hatujajiandaa. Redio zilianza kuja na vioo, na menyu zote kwa Kijapani. Hakuna aliyetufundisha. Nilikariri sura ya zile herufi mbili zinazofungua mipangilio, mahali zinapokaa kwenye kioo na ukurasa unaofuata unavyofanana. Hadi leo siwezi kuzitamka, ila ukiniamsha usiku nitakuonyesha kidole kinapokwenda. Hapo ndipo nilipokutana na orodha ya simu. Ndani ya gari lililotoka melini juzi unakuta simu za watu wa Japani zimejaa, majina yao yamepangwa, wakati mwingine na kitabu chote cha namba za mwenye gari wa zamani. Redio nyingi za aina hiyo zinapokea simu chache tu, tano mara nyingi. Zikijaa, ya sita inakataliwa, na maelezo ya kukataliwa yanakuja kwa Kijapani. Mteja anaona maandishi mekundu, anaamini gari ni bovu. Nafuta wageni wawili watatu, simu yake inaingia.

Kuna jambo moja nimelieleza mpaka ulimi umeota sugu: kwenye Bluetooth, kupiga simu na kupiga muziki ni njia mbili tofauti. Magari mengi ya miaka ya 2000 yalitengenezewa maongezi peke yake. Ukipigiwa, sauti inatoka kwenye spika vizuri kabisa. Ukiweka wimbo, kimya. Hapo hakuna kilichoharibika. Ndivyo alivyozaliwa. Mteja hapendi kusikia hivyo, anataka "umfungue". Kuna mafundi wanaochukua hela za kufungua kitu kisichokuwepo, na nikiwakuta kijiweni huwa sinywi nao kahawa.

Halafu kuna kadi ya ramani. Baadhi ya redio za Japani zina kakadi kadogo ka SD kenye ramani ya nchi yao, na bila hako kakadi redio haifanyi lolote: hakuna muziki, hakuna simu. Sasa kijana anaazima gari la baba yake, anaona kuna kadi, anasema ya nini hii, anaipeleka kwenye kompyuta, anaifuta na kuijaza Bongo Fleva. Baba anakuja kwangu Jumatatu. Zipo pia zinazodai namba ya siri ukishachomoa betri tu. Ndiyo maana fundi umeme akitaka kulegeza betri ya gari lenye kioo cha Kijapani, kwanza aulize namba iko wapi.

CarPlay ilitangazwa 2014, Android Auto ikaanza kuingia kwenye magari 2015, lakini kwetu zilifika taratibu, kupitia magari yaliyotumika na zile redio za Kichina zenye kioo kikubwa zinazouzwa Kariakoo. Nilidhani kazi imerahisishwa: unachomeka simu kwa waya, ramani yake inatokea kwenye kioo cha gari. Nikakuta nusu ya shida ni waya huohuo. Waya kamili wa USB una nyuzi nne ndani yake, mbili za umeme na mbili za taarifa. Huu unaonunuliwa kwenye foleni ya Ubungo mara nyingi una mbili za umeme basi. Unachaji, na kwa kuwa unachaji mteja hawezi kukubali kwamba ni mbovu. Ninao mmoja nimeuchana makusudi, nauweka mezani, nyuzi mbili nyekundu na nyeusi zimetoka nje, pembeni yake mwingine wenye nne. Nikimwonyesha anatulia. Wengine wamechomeka kwenye tundu lisilohusika, maana magari mengi yana matundu mawili, moja la chaji tu. Na wapo ambao tundu la simu limejaa pamba ya mfukoni, imeshindiliwa mpaka waya haufiki mwisho. Hiyo naichokonoa kwa kijiti cha meno, taratibu, simu imezimwa. Kuchokonoa ni bure. Waya nauza.

Zile zisizotumia waya ni hadithi nyingine. Simu na redio zinatambuana kwa Bluetooth, kisha mzigo wenyewe unahamia kwenye Wi-Fi. Mtu aliyezima Wi-Fi ili kubana bando amekata daraja bila kujua. Simu inayosifiwa kwa betri ya kudumu nayo mara nyingi hudumu kwa kuua programu zinazofanya kazi chinichini, na hiyo ya kuunganisha gari ni mojawapo. Lazima uingie kwenye mipangilio ya betri uiombee msamaha. Tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini mwaka 2025, naona VPN ya kuufikia mtandao huo kwenye simu ambazo zamani usingetegemea kuikuta, hata za wazee wa kanisa. VPN ikiwa imewashwa, muunganisho usio na waya unaweza kugoma kabisa. Kwa hiyo kabla sijashika bisibisi nauliza, kwa sauti ya chini, "Bosi, una VPN?" Wengine wanacheka. Wengine wanageuka kuangalia nyuma kwanza.

Lakini kazi ninayoipenda bado iko nyuma ya dashibodi. Redio yoyote, ya kaseti au ya kioo cha inchi 9, ina nyaya tatu za kuipa uhai. Mweusi unaenda kwenye bodi. Mwekundu unapata moto ukigeuza ufunguo, ukizima unakufa. Wa njano una moto saa zote, hata gari likiwa limefungwa usiku, kwa sababu ndio unaotunza kumbukumbu: saa, stesheni, na sasa simu zilizokwisha kutambulishwa.

Alikuja kijana anayebeba abiria wa kuita kwa simu. Kwake ramani kwenye kioo si urembo, ndiyo inayompa chakula. Kila asubuhi redio ilikuwa haimjui. Anaanza upya, tafuta, kubali, namba, kubali. Mafundi wawili walishamwambia simu ndiyo mbovu, na alikuwa amekwishanunua nyingine. Nilimuuliza, "Saa ya redio asubuhi inasomaje?" Akanitazama kama nimebadilisha mada. "Hiyo saa? Haijawahi kuwa sawa."

Basi simu nikamrudishia aiweke mfukoni. Nilitoa fremu ya plastiki, skrubu nne, nikaivuta redio mpaka nyaya zikaonekana. Njano ya redio ilikuwa imekatwa kutoka kwenye moto wa kudumu na kufungwa pamoja na nyekundu, tepu nyeusi juu yake, joto limeshailegeza gundi mpaka inanata vidoleni. Kazi ilikuwa safi. Nyaya zilisokotwa vizuri, ncha za zile zilizoachwa zikafunikwa. Mtu asiyejua hafungi hivyo. Aliyefanya alikuwa na sababu yake.

"Betri iliwahi kukuzimikia usiku?"

Kijana akapiga paja. Mwaka uliopita alikuwa anasukumwa na majirani kila asubuhi. Alibadilisha betri, ikafa mpya. Fundi mmoja ndiye aliyemponya, tangu siku hiyo gari linawaka lenyewe.

Sasa redio nzima iliyolala haiwezi kuimaliza betri mpya kwa usiku mmoja. Kuna kitu kingine kilikuwa kinakula. Nikafuata nyaya chini ya zulia mpaka kiti cha abiria, nikakuta boosta, ile ya kukuza sauti ya spika. Boosta ina waya wa bluu wa kupokea amri: redio ikiwaka inaiamsha, redio ikizima inailaza. Huu wa bluu aliyefunga boosta alikuwa ameutia kwenye njano ya redio. Maana yake boosta ilikuwa inakesha, usiku hadi usiku, haina wimbo wa kupiga. Yule fundi aliyeletewa kesi ya betri akaihamishia njano kwenye nyekundu, na vyote viwili vikawa vinazimika na ufunguo. Betri ikapona, redio ikapoteza fahamu. Simlaumu. Aliulizwa kuhusu betri, akajibu kuhusu betri, na siku hiyo hakuna aliyekuwa na habari na kumbukumbu ya redio.

Nikarudisha njano kwenye moto wa kudumu, bluu nikaipeleka kwenye bluu ya redio inapostahili, nikachomelea kwa risasi na kuvisha mpira badala ya tepu. Tukatambulisha simu mara ya mwisho. Nikamwambia azime, afunge milango, akanywe chai. Aliporudi na kuwasha, ramani ilikuwa kwenye kioo kabla hajafunga mkanda. Akauliza mbona namtoza hela na hakuna kifaa kipya nilichoweka. Nilimwambia arudi kwa wale waliomuuzia simu, wao walimpa kifaa kipya. Alilipa.

Redio inayosahau ina dawa. Inayokumbuka ndiyo iliyonitia kwenye mambo ya watu. Ukishaitambulisha simu, redio ikiwaka inaitafuta yenyewe, na zikiwa simu mbili karibu huanza na ile iliyo ya kwanza kwenye orodha au iliyounganishwa mara ya mwisho, kutegemea redio. Kwa familia yenye gari moja hilo si dogo. Alikuja dada mmoja, mwalimu. Asubuhi amewasha gari uani, mumewe yuko barazani anaongea na simu. Gari likaipokea simu ya mume, na maongezi yakahamia kwenye spika. Akasikia mtu anauliza marejesho ya mkopo yataletwa lini. Mkopo wenyewe hakuwahi kuusikia. Hakunijia kwa kulalamika. Alitaka kujua gari lilifanyaje hivyo, na kama linaweza kuendelea.

Siku chache baadaye akaja mume, gari lilelile. "Fundi, futa simu yangu humo, sasa hivi."

Nimejiwekea utaratibu kwa mambo ya namna hii. Simu ya mtu siishiki, anaishika mwenyewe, mimi namwelekeza pa kubonyeza. Ujumbe ukitokea kwenye kioo nageuka kutafuta bisibisi. Na gari likiwa la wawili, sipangi orodha kwa neno la mmoja. Nilimwambia, "Shemeji, njoo na mwenyewe." Alikasirika, akasema hilo gari kalinunua yeye, akaondoka kwa kasi mpaka mawe yakaruka.

Jumamosi walikuja wote wawili. Hawakuwa wanaongea sana, lakini walikuja. Mwalimu akakaa kwenye usukani, mumewe pembeni, mimi nimeinama dirishani. Tulifungua orodha: simu ya mume ilikuwa ya kwanza, ya mke ya pili, na chini yao mgeni mmoja wa Kijapani aliyesahaulika. Mgeni tukamfuta. Nikawaeleza kwamba nafasi ya kwanza inachukuliwa na anayeendesha mara nyingi, na nikanyamaza. Mwalimu akabonyeza mwenyewe, jina lake likapanda juu. Mume akaniuliza gharama, nikamtajia, akasema nimpunguzie maana hakuna kilichotengenezwa. Mkewe akafungua pochi akalipa yote.