Barua kutoka Kisangani: Umeme, Makaa na Mihuri

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila giza. Najua ulitaka habari za Tippu Tip, aliyekuwa liwali wa huku kwa niaba ya Mfalme Leopold tangu 1887. Hizo zingoje. Watu wa hapa wana mazungumzo mamoja tu, umeme, nami nimeambukizwa.

Bwawa la Tshopo liko hapa hapa mjini. Wabelgiji walilijenga miaka ya 1950 kwa mji uliokuwa mdogo; lina mashine 3, jumla ya megawati zisizofika 20. Leo wakazi wamepita milioni moja na bwawa ni lile lile, tena aghalabu mashine zote hazizunguki kwa pamoja. Huku Mangobo, mtaa ninaokaa, umeme huja kwa zamu, wenyewe wanaita delestaji. Kijana wa jirani ana kibanda cha kuchajia simu: jenereta moja ya kelele, ubao uliopigiliwa soketi, na kila simu imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba ili wenyewe wasigombane jioni.

Asubuhi hupita baiskeli za makaa kutoka barabara ya Buta. Mwenye baiskeli haipandi, anaisukuma. Magunia yamemzidi urefu, na midomo ya magunia imezibwa kwa majani na kufumwa kamba. Kila nikiyaona najiuliza: haya nani aliyeyafanyia tathmini ya mazingira? Msitu unakatwa kilomita baada ya kilomita bila mhuri wa mtu. Mradi mdogo wa maji au wa jua, ambao ungepunguza makaa hayo, lazima utengenezewe jalada la tathmini.

Sheria yenyewe ya mazingira ya Kongo sina ugomvi nayo. Ile ya Julai 2011 inataka kila mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya kuanza, na wananchi waulizwe kwanza. Mwaka 2014 likaundwa shirika la mazingira, ACE, la kuzikagua tathmini hizo, na mwaka huo huo sheria ya umeme ikaondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, kwa hiyo hata mtu binafsi anaweza kuzalisha. Lakini makao ya ACE ni Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 ukifuata mto, na ripoti huandikwa Kifaransa. Mzee wa kijiji cha njia ya Ubundu, anayezungumza Kilengola na Kiswahili, ataipinga au kuiunga mkono vipi?

Wanaodai vibali vya haraka wana haki, nami nawaunga mkono kwa mradi mdogo: fomu fupi, uamuzi utolewe hapa hapa mkoani Tshopo, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Ninapoachana nao ni pale wanapotaka kufupisha mkutano wa kijijini wa kuwauliza wananchi. Ng'ambo ya mto, Lubunga, Wambole na Walengola walianza kuuana Februari 2023 kwa sababu ya ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo. Mamia walikufa, maelfu wakavuka kuja kulala mjini. Hilo lilikuwa shamba tu, kaka. Wanie-Rukula, huko juu ya mto, inatajwa miaka mingi kuwa mahali panapofaa bwawa kubwa. Nimekaa na wavuvi Wagenia pale kwenye maporomoko, nikawatazama wakitembea juu ya magogo waliyoyasimika katikati ya mawe, migono yao mikubwa ya kutegea samaki ikining'inia kwenye maji yanayonguruma. Kazi ile yote inategemea maji yapande na yashuke kwa wakati wake. Atakayeziba mto huko juu bila kuwauliza hawa atakuwa amewavunjia kazi kabla hajawasha taa hata moja.

Nawe usiniambie haya ni ya Kongo. Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, ulipata leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mwaka 2016, na mahakama ya mazingira ikaifuta Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haraka ile iliokoa nini? Mwekezaji alipoteza miaka, na watu wa Lamu nao wakapoteza miaka kortini.

Kwa hiyo nikuombe jambo. Kwetu, tangazo la NEMA likitoka gazetini, wananchi hupewa siku 30 za kupeleka maoni. Likija linalohusu pwani yetu, usisubiri nirudi. Waite wazee, msomeeni ripoti mtu anayeijua bahari, muandike, mpeleke mapema.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako