Mwewe na Kwoka

Sifa njema ni za Allah, aliyetufunza katika Suratul An'am kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu.

Mwaka jana Mola alinijaalia kufika Australia ya Magharibi. Kutoka bandari ya Fremantle tulipanda feri, na baada ya nusu saa hivi tukashuka Rottnest, kisiwa kilichomo katika bahari yetu hii hii ya Hindi.

Juu ya mwamba wa pwani palikuwa na kiota cha mwewe mla samaki, rundo la vijiti linalokarabatiwa mwaka baada ya mwaka. Dume alirejea na samaki makuchani, akampa jike aliyeatamia. Chini, kivulini mwa kichaka, alikuwako kwoka, nduguye mdogo kangaruu, mwenye ukubwa wa paka. Yeye hajengi. Nyumba ya mwanawe ameumbiwa tumboni: mtoto huzaliwa mdogo mno, akalelewa mfukoni kwa kiasi cha miezi sita.

Nikajiuliza, ni yupi mbora? Mmoja hulea kwa kwenda mbali na kurudi na riziki. Mwingine kwa kutoachana na mwanawe. Wote wawili wametimiza amana.

Wanadamu hawakuwapima hivyo. Mwewe husifiwa na kila amwonaye. Kwoka naye, nahodha wa Kiholanzi Willem de Vlamingh alipofika mwaka 1696 alimdhania panya mkubwa, na kisiwa kikaitwa kiota cha panya. Ndiyo maana ya Rottnest. Wenyeji wa asili, Wanoongar, walikuwa na jina lao: Wadjemup. Nao hawakusalimika na dharau. Kuanzia mwaka 1838 wakoloni waliwafunga kisiwani humo wenyeji wa bara lile, na mamia walifia kifungoni, mbali na jamaa zao.

Hapo nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, mzito wa kuhifadhi, niliyezoea kumwita Kobe mbele ya wenziwe. Darasa likicheka, naye akiinamisha kichwa. Nami ndiye niliyekuwa nikiwasomesha Suratul Hujurat, inayokataza kuitana kwa majina ya kejeli!

Niliporudi nilimwendea kwao, nikamtaka radhi mbele ya wazazi wake. Alinisamehe. Enyi wazazi na walimu wenzangu, tuchunge tunavyowaita watoto wetu. Jina hutoka ulimini mara moja, likakaa moyoni mwa mtoto umri wake wote.

Wabillahi tawfiq.