Daftari la Mama Mhazini

Cedar Rapids, Iowa

Barua hii ni kwa ndugu wa Uvira, Kongo, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na kwa wale wa Sange, Makobola na Baraka. Inatoka katikati ya Marekani, jimbo la mashamba ya mahindi, ambako watu wengi wa Kivu Kusini wametia nanga baada ya miaka ya kuishi kambini, hasa Nyarugusu kule Kigoma. Wengi wanafanya kazi viwandani zamu za usiku. Habari za theluji mmeshasimuliwa vya kutosha. Safari hii habari ni za michango, na namna inavyofika au inavyoyeyuka njiani.

Jumapili, ibada ikiisha, viti vinapangwa upya na mhazini wa chama chao, mama mmoja wa mtaa wa Kasenga huko Uvira, anafungua daftari la shule lenye mistari ya buluu. Amelichorea safu tatu kwa rula: jina, ahadi, kilicholipwa. Simu zinalia kila mara, pesa za Zelle na Cash App zikiingia. Katibu anasoma jina kwa sauti, mwenye jina anainua mkono, mama anaandika. Papa aliyeahidi dola 50 akaleta 20 anaandikiwa 20, na zile 30 zitasomwa tena Jumapili ijayo, watoto wake wakisikia. Wamarekani waalikwa hushangaa, maana wengi wao wamezoea sadaka ya bahasha iliyofungwa. Lakini hawa ni watu waliolelewa na likelemba (vikundi vya kuchangiana kwa zamu) za akina mama wauza samaki wadogo wa ndakala, ambako zamu ya kila mtu inajulikana na kila mtu.

Daftari hilo halikuwapo Aprili 2020. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mto Mulongwe wa Uvira ulifurika, ukabeba nyumba kwa maelfu, ukaua watu zaidi ya 40, ukaharibu mitambo ya REGIDESO, shirika la maji la serikali. Huku ughaibuni simu hazikulala. Pesa zilitoka upesi na kwa moyo wote, lakini kila mtu alimtumia wa kwao: binamu kwa Airtel Money, shangazi kwa M-Pesa. Hakuna anayeweza kulaumiwa kwa kumwokoa shangazi yake. Ila mjane wa avenyu ileile asiye na ndugu Ulaya wala Marekani aliambulia nini? Na wafadhili wa hapa walipouliza ni familia ngapi zimefikiwa ili nao waongezee, hakukuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha.

Miezi minne baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba ya upepo ambayo Wamarekani huiita derecho iliupiga mji huu wa Cedar Rapids, kwa kasi iliyokadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Mapaa yaling'oka, umeme ukakatika, na familia za wakimbizi, Wakongo wakiwamo, zikalala kwenye mahema nje ya majengo yao yaliyobomoka. Lugha ilikuwa kikwazo: fomu za msaada ni za Kiingereza, na bibi aliyetoka Fizi hajui hata neno moja. Wanaokumbuka siku zile wanasimulia jinsi vijana waliosoma hapa walivyopita hema kwa hema wakiandika majina, idadi ya watoto, dawa zinazohitajika na lugha ya kila nyumba. Baada ya orodha hizo, aliyekuja na chakula au dawa hakupoteza muda kuuliza aanzie wapi. Hapo ndipo jumuiya ilipoona kwamba kuandika ni sehemu ya kusaidia.

Mfano ulio mzito zaidi uko Uvira kwenyewe, na inasikitisha kwamba Wauvira wachache wanaujua. Kituo cha kutibu kipindupindu kilikuwa kinaandika kila mgonjwa anayepokelewa. REGIDESO nayo ilikuwa inaandika maji yanayozalishwa kila siku, pamoja na siku ambazo umeme ulikatika na bomba likakauka. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walizilinganisha kumbukumbu hizo za mwaka 2009 hadi 2014, na mwaka 2015 wakachapisha walichokiona. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Kila mama anayeshuka ziwani na bidoni (dumu la maji) anajua kwamba maji yakikatika, kuhara kunafuata. Amelisema hilo kwa miaka, hakuna aliyemsikiliza. Likiwa na tarehe na hesabu, lina nguvu nyingine kabisa mezani kwa wafadhili. Fondation Veolia, shirika la maendeleo la Ufaransa AFD na Umoja wa Ulaya wameweka pesa katika kupanua mtandao wa mabomba na vioski vya maji Uvira. Muuguzi aliyejaza rejista ile usiku, kwa mshahara uliochelewa au usiokuja, alikuwa anautetea mji bila kupanda jukwaani.

Kwa hiyo chama cha hapa kikaamua kufuata njia ya karatasi. Shirika dogo la Marekani linalotarajia kupata chini ya dola 50,000 kwa mwaka laweza kuomba hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi, kwa fomu fupi, 1023-EZ, kwa ada ya dola 275. Likiipata, anayechangia anaweza kupunguziwa kodi, na baadhi ya waajiri huongeza dola yao juu ya dola ya mfanyakazi. Mtego uko mbele: kila mwaka kuna taarifa fupi ya kujaza mtandaoni, 990-N, na shirika lisiloijaza miaka mitatu mfululizo linafutiwa hadhi moja kwa moja. Ni rahisi kuisahau pale katibu anapohamia jimbo jingine. Na pesa ikivuka kwenda Uvira, chama kinapaswa kuonyesha imefanya nini. Anayepokea akidhani kuombwa risiti ni kudharauliwa, ushirikiano unafia hapo.

Kuna pia suala la nani asimamie pesa hizo. Mutualite za kabila, yaani vyama vya kusaidiana, zina kazi yake: zinazika, zinafariji, zinakusanya vijana wasipotee. Lakini kwenye kioski cha maji wanateka pamoja Mvira, Mfuliiru, Mbembe na Mnyamulenge. Mfuko wa maji ukisimamiwa na upande mmoja tu, kesho utaambiwa ni wa siasa, na huku ughaibuni maneno hayo husambaa kwenye WhatsApp kabla pesa haijafika. Mwandishi wa barua hii anaona ni afadhali mfuko mdogo wenye watia saini wa pande zote kuliko mkubwa wa ukoo mmoja.

Haja imekuwa kubwa zaidi. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu Kongo. Mapema 2025 sehemu kubwa ikasimamishwa. Februari mwaka huohuo Bukavu ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, Desemba wapiganaji hao wakaingia Uvira, na makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi. Wafadhili na mashirika makubwa walikuwa wameahidi mjini Istanbul mwaka 2016 kwamba kufikia 2020 robo ya pesa za dharura duniani ingeyafikia mashirika ya wenyeji moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Iliyoyafikia moja kwa moja haikufika hata asilimia 5. Waliobaki na watu siku zile mbaya za vita walikuwa parokia, makanisa, vyama vya akina mama na kamati za kartye (mitaa).

Basi chama kinaomba jambo moja kutoka nyumbani. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaruhusu kamati kama hizo kuwa asbl, yaani shirika lisilo la faida, ingawa hati ya mwisho inatolewa na Wizara ya Sheria kule Kinshasa, mbali na ghali kufuatilia. Gharama hiyo itachangwa huku, kidogo kidogo kila mwezi. Kamati zianze kuandika statuti na kuchagua viongozi, na wanawake wasipungue nusu yao, kwa kuwa ndio wanaoamka saa kumi alfajiri kupanga bidoni kwenye kioski na ndio wanaojua ni siku gani maji hayakutoka.